Mama Akae Tu? Hapana, Mashoga Zetu



Leo hatuzungumzii singo, hina wala rangi za sare. Wale mnaosubiri picha za magauni ya walima mtustahamilie hadi wiki ijayo inshaallah. Tuna jambo limetukaa rohoni tangu mfungo tatu, na kila tukikaa kwenye cherehani linaturudia. Bora tuliseme hapa, maana wengi wetu tunalifanya na tunajiona tunapata thawabu.

Mwezi huo tulikuwa na harusi ya ndugu yetu. Sare tulishona wenyewe, madera thelathini na nne, kitambaa kimoja. Mnajua mtindo wa sasa, dera lisipofagia sakafu linaonekana fupi, na shoga atakuambia umembania kitambaa. Basi tukashona yote marefu. La mama yetu tulilishona usiku wa mwisho. Alitaka kuja kupimwa, tukamwambia, "Mama kaa tu, usijisumbue, vipimo vyako tunavyo daftarini." Na kweli tulikuwa navyo, lakini vya miaka miwili nyuma. Kiuno tukakiongeza kwa kukisia, urefu hatukuugusa.

Siku ya siku, wakati wa kutoka ukumbini, pana vidaraja viwili tu vya kushuka. Mama akakanyaga pindo, akaanguka kwa mkono wa kulia. Kifundo cha mkono kikavunjika. Ana miaka sitini na nane. Dera lililomwangusha ni letu, uzi wetu, mkasi wetu. Sisi ndio tuliolishona.

Sasa sikilizeni kilichotutia haya zaidi. Hospitali daktari, mtoto wa kike, mdogo kwetu kwa umri, hakuuliza habari za dera. Alimuuliza mama anatoka nyumbani mara ngapi kwa wiki. Anapanda ngazi? Anabeba nini? Mara ya mwisho kupima presha lini? Kila swali tulijibu sisi. "Hatoki, tunamfanyia sisi." "Hapandi, chumba chake kipo chini." "Habebi kitu, hatumruhusu." Tulikuwa tunasema kwa fahari kabisa, kama wanaosoma orodha ya mema yao. Daktari akamfunga mama kile kitambaa cha mashine kwenye mkono mzima, ikaja 170 kwa 100. Akaandika, akatutazama, akasema kwa upole, "Dada zangu, nani amemkalisha mama hivi?"

Tulinyamaza.

Tuwaeleze mambo yalivyoanza. Baba alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, mama alikaa eda yake miezi minne na siku kumi kama ilivyoamrishwa. Tulimhudumia kwa kila kitu, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini eda ina mwisho wake, na mwisho huo umewekwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Suratul Baqara. Sisi eda ya mama yetu hatukuimaliza. Siku ya kutoka ilipita, tukala, tukasoma, wageni wakaondoka, na mama akabaki pale pale kwenye godoro. Sokoni tukaenda sisi. Kuku akachinjiwa na kunyonyolewa huko huko. Nazi ikaja imeshakunwa. Tukamtafutia binti wa kazi, tukanunua kochi kubwa na televisheni. Kila kimoja tulikinunua kwa mapenzi, wallahi.

Mama ambaye alikuwa akitwanga kisamvu chake mwenyewe, akenda Darajani kwa mguu kutoka Michenzani na kurudi na kikapu, akawa safari yake ndefu ni kutoka kochini hadi chooni. Daftari letu la vipimo lilikuwa linatuambia, tena kwa mwandiko wetu wenyewe. Kiuno inchi 38. Mwaka uliofuata 41. Halafu 44. Fundi akiona mteja amenenepa anasema mashaallah, anaongeza kitambaa. Hatukujiuliza.

Na ufagio je? Hii ndiyo hadithi inayotuuma. Asubuhi moja, kabla ya hayo yote, mama alikuwa anafagia uwanja. Jirani akapita, akasema kwa sauti ya kusikika, "Masikini bibi wa watu, na mabinti wote hao!" Tangu siku hiyo ufagio tuliuficha. Hatukuuficha kwa ajili ya mgongo wa mama. Tuliuficha kwa ajili ya mdomo wa jirani. Tukubali tu, mashoga zetu, nusu ya heshima tunayowapa wazee wetu tunawapa majirani.

Tunaisoma Suratul Israa, aya ya 23, inayotukataza hata kuguna mbele ya wazazi wetu, na tunaielewa kuwa mama asinyanyue kijiko. Aya inatuamrisha ihsani. Ihsani ni kumfanyia mtu lililo bora kwake, na lililo bora kwa mwili wa mtu wa miaka sitini na nane si godoro mchana kutwa. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, na katika wote wawili mna kheri. Hakusema vijana tu.

Ipo pia ile hadithi tunayoipenda sana kuitaja nusu. Mtume (S.A.W.) alituhimiza tujitibu, kwa kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa ila yana dawa, isipokuwa moja tu nalo ni uzee. Sisi tumeshika mwisho wake. Magoti yanauma? Uzee huo. Macho hayaoni? Uzee. Anasahau, anachoka, haendi kwa watu? Uzee, bibi, muache apumzike. Mwanzo wa hadithi, pale tulipoambiwa tujitibu, tumeuacha. Mtoto wa jicho ni maradhi, na yana upasuaji. Presha ni maradhi, na ina vidonge. Sukari ni maradhi. Mama yetu alikuwa hatungi tena uzi kwenye sindano kwa miaka mitatu, tukimcheka kwa mapenzi, kumbe anahitaji miwani tu. Miwani! Mafundi wa kushona, mama yetu haoni tundu la sindano, na sisi tunacheka.

Daktari yule alitueleza mambo ambayo tungetamani tufundishwe skuli badala ya mengine tuliyoyakariri na kuyasahau. Alisema mifupa ya mtu hufikia nguvu yake ya juu karibu na miaka thelathini, baada ya hapo tunatumia akiba. Mwanamke damu ya mwezi ikishakoma, homoni ya estrojeni inashuka, na akiba ile inaisha kwa kasi zaidi kuliko ya mwanamme. Ndiyo maana mama anaanguka kidogo tu anavunjika kifundo cha mkono, na akianguka vibaya zaidi ni nyonga. Nyonga ikivunjika kwa mtu mzima ni habari nyingine, wengi hawarudi kutembea kama zamani. Misuli nayo isipotumika inayeyuka. Goti linalouma likikalishwa, misuli inayolishika inalegea, linauma zaidi, linakalishwa zaidi. Unaona mduara huo?

Sisi wenyewe tuna miaka thelathini na kitu. Akiba imeshaanza kuliwa. Na tunakaa kwenye cherehani saa tisa, saa kumi kwa siku, tunainuka kwa ajili ya sala na mteja. Kwa hiyo msidhani tunawasema mama zetu peke yao.

Jua pia. Hapa tunataka tueleweke vizuri, hijabu yetu haina kosa. Mwili unatengeneza vitamini D ngozi ikipata jua, na vitamini hiyo ndiyo inayousaidia mwili kuchukua chokaa ya chakula na kuipeleka kwenye mifupa. Bibi zetu walijisitiri kuliko sisi, lakini nyumba zao zilikuwa na ua. Asubuhi bibi yuko uani na kanga yake, mikono wazi, anachambua mchele, anaanika karafuu au pilipili, hakuna mwanamme wa kando anayemuona, na jua linampata. Sisi tumehamia nyumba zisizo na ua, tumefunga mapazia mazito, tumewasha feni. Mama hatoki nje, na hana ua wa ndani. Akikaa barazani au kwenye roshani ya nyuma asubuhi, mikono na miguu wazi pale paliposetirika, hapunguzi kitu katika dini yake. Na chokaa yenyewe si lazima iwe ya vidonge vya duka la dawa. Dagaa wanaoliwa na miba yao wana chokaa nyingi. Maziwa na mtindi pia.

Sasa vidonge, maana tumevitaja. Hili tunaomba mlisome mara mbili. Mama yetu alipewa dawa za presha miaka ya nyuma. Alizimeza mpaka pakiti ikaisha, akajiona mzima, akaacha. Presha haiumi, dada zetu. Mtu anaweza kuwa na 170 na anapika pilau huku anaimba kasida, halafu siku moja mdomo unapinda. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, tena si mara moja, hiyo ni presha ya kutibiwa, na dawa zake kwa wengi ni za siku zote. Kujiona mzima si sababu ya kuziacha.

Na wakati kidonge cha presha kimeachwa, kuna kingine kilikuwa kinamezwa kila siku, cha magoti. Diklofenaki. Kinauzwa, mtoto anatumwa dukani na hela mkononi. Mama alikuwa nacho chini ya mto. Dawa za aina hiyo zikimezwa muda mrefu zinaweza kuipandisha presha, zikaumiza figo na kutoboa tumbo, na mtu mzima ndiye wa kuogopa zaidi. Kwa hiyo tulikuwa tumemkalisha mama, magoti yakalegea, kwa ajili ya magoti anameza kitu kinachompandisha presha, na presha hiyo haina dawa. Tulipoyaweka haya mezani mstari kwa mstari tulilia. Angalieni chini ya mito ya mama zenu leo, msingoje.

Chakula tutapita haraka, maana mnakijua, tatizo hatukifanyi. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi gramu 5, ni kama kijiko kimoja cha chai, na ndani yake hesabu vile vidonge vya supu tunavyovitia kwenye mchuzi, na papa mkavu, na achari. Chai ya vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili asubuhi, kisha soda ya mgeni, kisha tambi za jioni. Tukimpenda mama tunampelekea halua. Hatusemi anyimwe ladha. Mzee akinyimwa ladha anakosa na raha ya dunia. Sisi tumebaki na nazi, tumepunguza sahani ya wali ikawa nusu, mboga na samaki vikajaa upande wa pili. Sukari tumekubaliana kijiko kimoja. Anaiba. Tunajua anaiba, sauti ya kijiko inasikika hadi chumba cha cherehani.

Kuna la siri kidogo, lakini hapa tupo wanawake watupu. Mama wengi wanaacha kwenda kwa watu, kwenye maulidi, hitima, hata darsa, kwa sababu mkojo hauzuiliki. Akicheka, akikohoa, unamtoka. Anaona haya, anaogopa harufu, anaogopa udhu wake. Hasemi. Anasema tu, "Mie siku hizi sipendi watu." Huo si uzee wa kuachwa. Misuli ya chini ya nyonga, ile unayoibana ukitaka kuzuia haja ndogo, inaimarishwa kwa kuibana na kuiachia mara kadhaa kila siku, na wengi wanapata nafuu kwa kudumu nalo. Wapo wakunga na madaktari wa kike wa kuulizwa. Na dini haikumbana, ambaye mkojo unamtoka bila ya kukatika anajisafisha, anajistiri, anachukua udhu wakati wa sala ukiingia, anasali. Sisi mabinti ndio tuanze mazungumzo haya, maana yeye hataanza. Tena mkimshonea nguo mama mwenye hali hiyo, msimpe vifungo ishirini mbele na mikanda. Nguo iwe nyepesi kuinua. Hilo ni la kifundi.

Basi tulirudi nyumbani na mama na bandeji yake, tukaazimia. Mkono ulipopona, baada ya mazoezi ya kiungo aliyoelekezwa, tukautoa ufagio mafichoni, tukauweka mlangoni.

Mama alituangalia. Akasema, "Mmenichoka?"

Hatukutegemea. Tulidhani atafurahi. Alilia mchana kutwa, akasema baba yenu angekuwepo msingenifanya hivi. Kwa kuwa sisi ndio tuliomfundisha kwa miaka minne kwamba kupendwa ni kukalishwa, sasa kuinuliwa akakuona ni kuchukiwa. Jioni kaka yetu aliyeko Maskati akapiga simu. Ameshasikia, nani kamwambia hatujui, kwamba mama anafagishwa. Maneno aliyotupa hatuyaandiki hapa. Akatuma pesa za kumwajiri binti wa pili! Tukazirudisha. Hapo tena kukawa na ugomvi wa wiki mbili, mpaka tukampigia picha ile karatasi ya daktari tukampelekea.

Tulichojifunza ni kuwa mama hatakiwi kupewa kazi kama mtumishi, arudishiwe amri yake. Ufagio ulikuwa kosa letu la pili. Tulipomuuliza, "Mama, wewe unataka nini?", akasema anataka kununua samaki mwenyewe, maana samaki tunaowaleta sisi wamechoka macho. Tukaanza hapo. Mara mbili kwa wiki anakwenda Darajani, mmoja wetu nyuma yake na kikapu. Siku ya kwanza alikaa njiani mara nne. Sasa anakaa mara moja, tena ni kwa sababu ana shoga yake anauza mboga na lazima wapeane habari. Akifika kwa wachuuzi, bei anazozipata yeye sisi hatujawahi kuzipata maisha yetu.

Wataalamu wa afya wa dunia wanasema mtu wa miaka 65 na kuendelea ajitahidi dakika 150 za mwendo wa kuchangamka kwa wiki, na siku tatu katika hizo afanye na mazoezi ya kuimarisha misuli na kumfanya asiyumbe. Ukizigawa ni nusu saa, siku tano. Kwa misuli, mama anakaa kwenye kiti kigumu, si kochi, anasimama bila ya kujishika, anakaa, mara kumi. Kwa kutoyumba anasimama kwa mguu mmoja kashika ukingo wa meza ya cherehani, halafu mwengine. Tunafanya naye. Wa kwanza kuyumba alikuwa mmoja wetu, si yeye.

Na sala yenyewe. Tuseme hili kwa adabu, kwani sisi si masheikh. Asiyeweza kusimama anasali akiwa amekaa, hiyo ni ruhusa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) na hakuna wa kumlaumu. Lakini sisi ndio tuliomnunulia mama kiti cha kusalia siku ya kwanza aliposema goti linauma, kabla ya kumuuliza mtu. Akawa anakaa tangu takbira mpaka salamu, wakati kusimama alikuwa anaweza, kinachomshinda ni kwenda chini. Masheikh wetu wanafundisha kuwa anayeweza kusimama asimame, akae pale tu anaposhindwa. Sasa anasimama, anarukuu, kiti anakitumia kwa sijda tu. Kila siku rakaa kumi na saba za faradhi peke yake. Hesabuni hayo mainuko.

Tuna haki ya kuusema na upande wa pili. Wapo mama ambao maneno haya si yao. Nendeni Paje au Jambiani maji yakiwa yametoka, mtawaona akina mama wa umri wa mama yetu wameinama kwenye mwani, wamebeba magunia ya maji ya chumvi. Hao ukiwaambia wafanye mazoezi watakupiga na kamba ya mwani. Wao wanahitaji kupumzika na bei nzuri. Wapo mama walioachiwa wajukuu watano na mabinti waliokwenda kutafuta maisha, hawalali, na huko si kumchangamsha bibi, ni kumchosha. Na mama aliyepata kiharusi au moyo wake mbovu asipelekwe Darajani kwa sababu sisi tumeandika; aulizwe daktari wake kwanza. Vivyo hivyo Ramadhani, mwenye sukari anayechoma sindano asifunge kwa ushujaa. Amuone daktari mwezi mmoja kabla. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Kurani, kuitumia si unyonge wa imani.

Lakini wengi wetu tunaosoma hapa, wa mjini, wenye vipato kidogo, ni wa kochi. Jirani yetu mmoja, bibi wa miaka sabini na mbili, ile Pensheni Jamii ya wazee wa miaka 70 na zaidi ilipomfikia (serikali yetu iliianza mwaka 2016, ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi), siku ya kulipwa ndiyo ilikuwa sikukuu yake. Anaoga mapema, anajifukiza udi, anavaa baibui jipya, anakwenda mwenyewe, anapiga foleni na wenzake, wanacheka, wanasutana. Mjukuu akaona huruma, akasema, "Bibi kaa, nitakuchukulia mimi." Pesa anazipata zote, hazipungui hata shilingi. Ila bibi sasa hatoki, na baibui lile jipya liko kabatini.

Sasa nyinyi mabibi harusi, msidhani mmekuja ukurasa usio wenu.

Mnaingia kwenye nyumba za watu. Mmefundwa na somo zenu kuwa mke mwema hamuachi mavyaa wake ashike mwiko. Siku ya tatu tu tayari umeshamnyang'anya jiko, ndoo, ufunguo wa kabati ya vyombo. Watu wanakusifu, mkwe wa fulani anajua kutunza. Mama yule alikuwa akiamka alfajiri ana la kufanya, sasa anaamka anakuangalia wewe. Mwachie kitu. Mwambie, "Mama, mchuzi wako wa pweza sijauweza, nifundishe," hata kama unauweza. Nazi akune yeye wewe uchuje. Utamuhudumia zaidi hivyo.

Na zawadi ya kumuaga mama yako mzazi, isiwe kochi. Tumewaona wengi, mahari yakitoka tu, la kwanza ni kochi la mama. Mnunulie viatu vya kutembelea, vya soli isiyoteleza, na mashine ya kupimia presha nyumbani. Vyote viwili havifiki nusu ya bei ya kochi. Tia na kibao cha mpira cha chooni, na taa ya usiku kwenye njia ya kwenda kutawadha, maana alfajiri ndipo wanapoanguka.

Mama yetu ana akiba yake ya Hija, kaiweka shilingi kwa shilingi tangu baba yuko hai. Tulikuwa tumeshaanza kunong'onezana kuwa hataweza, labda mmoja wetu aje amhijie. Safa na Marwa ni mara saba, ukizijumlisha ni kama kilomita tatu, na hiyo ni baada ya kutufu. Wiki iliyopita tulimpima presha ikaja 142 kwa 88. Bado kidogo. Kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, tumepima kwa simu, ni karibu kilomita mbili na nusu. Tulipomwambia aliuliza, "Imebaki nusu tu?" Tangu hapo anarudi kwa njia ya mzunguko, na sisi nyuma na samaki.

Kwa wale wenye harusi mwezi wa Shaaban, vitambaa vya sare vije mapema, tumeshapokea kazi nyingi. Madera ya mama wote tunayakata sasa inchi mbili juu ya sakafu, atakayesema mafupi atafute fundi mwengine. Na vipimo vya mama vya kutumiwa kwa simu hatuvipokei tena. Aje mwenyewe dukani, kwa mguu ikiwezekana. Ngazi zetu ni saba, pana pa kushika.